Gari la Theluji Limenipotezea Mtani

Nimekosa. Nalitamka hilo mwanzoni kabisa, kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea ni kipaji nilichopewa na Mungu bila kuomba.

Jina langu silitaji. Mji huu wa Morogoro ni mdogo na mimi ni mwalimu. Nusu ya wanaosoma hapa niliwahi kuwachapa. Itoshe kujua kuwa ni mama mtu mzima, nafundisha Jiografia sekondari, na kwetu ni Mgeta, huko juu kwenye milima ya Uluguru, ambako mwezi wa saba mtu anaoga kwa ahadi tu.

Mume sina. Aliyekuwepo aliondoka na sababu zake, na sababu zenyewe zilikuwa na nyumba Kihonda. Lakini leo hatuko kwake. Leo tuko kwenye gari.

Wa umri wangu mnakumbuka. Zamani mwalimu hakuwa na gari, alikuwa na baiskeli na heshima. Gari lilitaka kibali, kibali kilitaka mjomba wizarani, na mjomba wangu mimi alikuwa analima kabichi. Halafu likaja soko huria, kila kitu ruksa, na miaka ikaenda mpaka Dar es Salaam nzima ikawa yadi ya magari yaliyotumika Japani. Hata sisi wa chaki tukaanza kuota usukani.

Nikajibana. Nilijibana jamani! Sare ya harusi sishoni, kitenge kipya sinunui, chai ya ofisini nakunywa ya watu. Nilipofikia hatua ya kununua nikajikuta nina njia mbili.

Ya kwanza ilikuwa pikapu kuukuu iliyoinuka juu, inayovuta kwa magurudumu yote manne, gari la kubebea kabichi na wagonjwa. Ya pili ilikuwa gari la haibridi, yaani linalokwenda kwa petroli na kwa umeme wa betri yake, ving'aavyo tele, lililotumika kwenye sehemu ya Japani yenye theluji miezi mingi ya mwaka.

Aliyenishauri pikapu ni fundi mmoja mwenye gereji pale Msamvu. Tumwite Maganga, siyo jina lake. Ni Mnyamwezi wa Tabora, kanizidi miaka kama sita, na sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi.

Kwa asiyejua utani, nieleze kidogo. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya nyama mdomoni na kukuita mke wake mbele ya mume wako, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Lakini ukifiwa, mtani ndiye anayeshika jembe akachimba, na ndiye anayekuchekesha ili usimfuate marehemu.

Maganga alikuwa mtani wa nyumba yetu nzima. Baba yangu alipofariki, Maganga alijilaza ndani ya kaburi akagoma kutoka. Akasema kaburi limetoka zuri, analitaka yeye, marehemu atafutiwe lingine. Mama yangu alicheka huku machozi yanamchuruzika. Siku ile nilijua mtu huyu ni ndugu yetu kuliko ndugu wengi niliozaliwa nao.

Basi akanisindikiza Dar kwenda kulitazama gari.

Muuzaji alikuwa na shati jeupe na maneno matamu. Akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia kwetu Mgeta, nataka gari la kupanda kwa mama yangu.

"Huko kuna baridi?"

"Baridi ya kufa mtu!"

Akalipiga boneti kofi. "Basi mama, gari lako ndilo hili. Hili limekulia kwenye theluji. Ona, kitufe cha theluji hiki hapa. Viti vinapashwa moto. Matairi ni ya theluji, hayajui kuteleza. Huko kwenu litajiona limepelekwa likizo."

Mwalimu wa Jiografia mzima! Miaka kumi na minane nawafundisha watoto wa watu kwamba theluji ya Tanzania iko kileleni Kilimanjaro, na huko kwenyewe inapungua. Mgeta haina theluji. Mgeta ina matope. Nilijua, nimezaliwa humo. Lakini niliposikia "kitufe cha theluji", akili ilinitoka ikaenda zake Kariakoo kununua vitenge.

Nikajiona nakatiza kijijini, kioo kimepandishwa, wenzangu waliobaki kuchuma njegere wanasimama kunitazama. Msiniulize pikapu ilikwenda wapi kwenye fikra zangu. Ilikwishatoka.

Maganga alikuwa amelala chini ya gari. Akatoka na kiganja kimejaa kutu, akanionyesha.

"Mke wangu, hili gari ni Mluguru kabisa. Juu suti, tumboni njaa."

Nikacheka.

"Sikiliza. Kule kwenye theluji wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi imekula vyuma vyote vya chini. Na haya matairi ni laini kama ubwabwa, yametengenezwa kwa barafu. Lami ya Morogoro itayamaliza kabla ya Krismasi."

"Mnyamwezi na chumvi wapi na wapi? Nyinyi mnajua michembe ya viazi tu."

"Babu yangu ameibeba chumvi ya Uvinza kichwani mpaka pwani, akapita hapo kwenu mlikokuwa mnajificha mlimani. Chumvi tunaijua inavyokula. Safari hii sikutanii."

Safari hii sikutanii! Ndugu zangu, mtani gani hasemi hivyo? Wiki moja kabla alinipigia simu akisema sikutanii, mkuu wa shule wenu amekamatwa na mbuzi wa wizi, nikakimbia hadi shuleni na khanga moja. Kwa hiyo alipodondosha kutu mkononi mwangu nilimwambia aache wivu wa kipagazi, nikaenda kumalizana na muuzaji.

Hilo ndilo kosa la kwanza. Kama yangekuwa hayo tu, ningemeza kimya kimya na wala msingenisikia.

Gari lilinipa raha, sitasema uongo. Ukiliwasha halilii. Ukitoka nalo polepole linakwenda kwa betri, kimya, kama paka anayetoka jikoni. Ndani kuna mwanamke wa Kijapani anayezungumza nawe. Alisema nini sijui, lakini alisema kwa adabu kuliko mkuu wangu wa shule.

Siku ya kwanza kupanda nalo Mgeta, baada ya Mlali ule mlima ukaanza na tumbo likaanza kukwaruza mawe. Nikabonyeza kitufe cha theluji. Kilichobadilika ni kwamba kikawaka taa. Likapanda hivyo hivyo kwa kujikokota, nikafika nimeloa jasho kwenye baridi.

Nikampandisha mama kiti cha mbele nimtembeze. Nikawasha moto wa kiti bila kumwambia, nimshangaze. Tukaenda kidogo, namwona amekaa kimya, macho mbele, mikono imeshika dashibodi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "simamisha. Nadhani nimejikojolea."

Nilicheka mpaka nikaegesha gari kando ya migomba. Maganga alipoisikia hiyo habari akaitumia miezi mitatu. Kila mteja aliyekuja gereji alisimuliwa.

Kurudi mjini nikapakia magunia ya kabichi kiti cha nyuma hadi juu, na kabla ya kufika Mlali dashibodi ikawaka pembetatu nyekundu na yule Mjapani akapandisha sauti. Nikampigia Maganga, akaja na pikipiki, akavuta gunia moja pembeni. Kumbe betri kubwa iko chini ya kiti, na inapata hewa kwa tundu la ubavuni. "Umeliziba pua," akasema, "na wewe ukizibwa pua na kabichi utapiga kelele." Hakunilaumu kwa kununua. Alitukana tu, kama haki yake, akaniambia nijitahidi nisilipeleke milimani wakati wa mvua.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Mjomba wangu, kaka yake mama, yule wa kabichi, alifariki. Tukazika, na baada ya siku kupita ikafika siku ya kuanua matanga. Ilikuwa mwezi wa sita, ukungu umeshuka hadi uani, watu wamejifunga mablanketi. Mimi nikapanda na gari langu na Maganga ndani, maana matanga bila mtani ni mkutano wa kijiji tu.

Nikaliegesha ukingoni mwa uwanja wa nyumba ya mama, pua ikitazama bondeni kwenye matuta ya njegere, mahali ambapo kila anayeingia lazima alione. Baridi ikanizidi. Nikaingia ndani, nikawasha gari, nikawasha hita na kiti, nikakaa napasha makalio moto huku nawapungia mkono mashangazi. Ufunguo wa gari lile hauchomekwi popote. Ni kidude unachokaa nacho mwilini, unabonyeza kitufe linawaka. Nilikuwa nimevaa khanga, mfuko sina. Ufunguo niliuweka kwenye sidiria.

Wakaniita jikoni kuonja mchuzi. Nikashuka, nikafunga mlango, nikaenda. Halikuwa linalia. Nikaona limezimika.

Halikuwa limezimika.

Huku nje Maganga ameanza kazi. Alikuwa amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu na miwani ya marehemu, mizito kama vitako vya chupa, anatembea kwa kuchechemea kama mjomba, anakohoa kama mjomba, anawadai watu kabichi zao. Mama alikuwa amejishika mbavu. Hata mjane alicheka, yeye aliyekuwa hajafungua mdomo tangu tuzike.

Akalifikia gari. Akafungua mlango, akaketi kwenye usukani. Na hapo, naapa, aliacha utani kidogo. Alitoa kichwa nje akaniuliza kwa sauti yake ya kawaida:

"Mke wangu, hili umelizima?"

Nami jikoni na mwiko mkononi nikajibu, "Nimelizima! Kwani mimi mshamba kama wewe?"

Akarudi kwenye sauti ya mjomba. "Naenda ahera! Nani anapanda? Nauli ni jogoo!" Akakanyaga breki kwa madaha, akashusha gia kwa madaha, na kwa ile miwani hata taa za dashibodi asingeziona. Akainua mguu.

Gari likaondoka.

Hakuna aliyesikia kitu kwa sababu hakukuwa na cha kusikia. Watu waliona tu marehemu anaondoka kimya kwenye ukungu, kofia kichwani, akipunga mkono. Shangazi mmoja alipiga magoti akaanza Baba Yetu. Wengine walikimbilia chooni, mlango mmoja watu wanane.

Likashuka tuta la kwanza, la pili, la tatu, likakaa juu ya jiwe. Ule mlio wa chuma kuraruka ndio tuliousikia wote. Nusu ya vyuma vya chini vilibaki kwenye njegere za mama.

Sasa ngoja niwaambie nilichokijua na wakati nilipokijua. Nilijua palepale. Gari lililozimwa haliwezi kuondoka lenyewe. Nilishika kifua, nikaugusa ufunguo. Nilijua ni mimi, kabla hata gari halijasimama.

Maganga akatoka mzima, kofia imekaa upande. Akapanda matuta akiwa amejaa matope, akasimama mbele ya watu, akakohoa kama mjomba.

"Njia ya ahera mbovu," akasema. "Nimeamua kurudi."

Watu walicheka! Walicheka wakakaa chini. Mjane alicheka mpaka akashikiliwa. Na kicheko kile, badala ya kuniponya, kikanichoma. Miaka yote ya kujibana imelala kwenye njegere, na watu wanacheka! Nikaona wananicheka mimi na kitufe changu cha theluji.

Nikasema maneno ambayo Mluguru hamwambii Mnyamwezi. Nilimwambia, "Umefanya makusudi. Ulitaka maneno yako ya Dar yatimie. Umeniibia ufunguo ukawasha gari langu. Wewe ni mwizi, na hapa sitanii."

Maganga alinitazama akasubiri, nadhani alisubiri nimalizie na tusi ili ajue tuko pamoja. Sikumalizia. Nikamwita mgambo.

Mtendaji wa kijiji alikuwa mgeni, kaletwa kutoka mkoa wa mbali ambako kwao hawana utani na Wanyamwezi. Akafungua daftari ofisini, akamuuliza kama ameniibia ufunguo. Na Maganga, maskini, bado aliamini tunacheza. Aliniona nimenuna akafikiri anipatie mlango wa kutokea.

"Nimeanza zamani," akajibu. "Ufunguo, gari, hata yeye mwenyewe nilimuiba kwa baba yake kwa debe la michembe."

Mtendaji akaandika: mtuhumiwa amekiri.

Nilisimama palepale! Ufunguo umenibana titi la kushoto, nauhisi kila nikivuta pumzi, na nikamwacha mtendaji aandike. Aliponiuliza ufunguo ulikuwa wapi kabla ya kuibwa, nikasema kwenye mkoba.

Walimfungia kwenye ghala la mbolea. Siku mbili, ndugu zangu. Mtu wa Tabora, wa jua, mwezi wa sita, Mgeta, kajifunika viroba. Chakula cha matanga aliyokuja kuyaanua hakukila.

Asubuhi ya siku ya tatu mama akajifunga khanga yake akashuka ofisini bila kuniaga. Nikamfuata. Akamwambia mtendaji, "Huyu ni mtani wetu. Kama ni mwizi, basi ametuibia kwa ridhaa yetu. Mfungue, au nifungie na mimi humo nimpashe joto." Mtendaji alifungua.

Maganga akatoka. Midomo ilikuwa imepasuka kwa baridi. Kofia ya mjomba ilikuwa mkononi, ameipangusa matope yote. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Kofia ya marehemu hii hapa, mwalimu," akasema. "Samahani kwa usumbufu."

Mwalimu! Miaka yote hiyo niliwahi kuwa mke wake, mjakazi wake, kibwengo chake na mshuka milima wake. Mwalimu sikuwahi kuwa. Akateremka kwa miguu.

Tuliporudi nyumbani mama akanisimamisha mlangoni. "Nilikuwa karibu na dirisha la jiko," akasema. "Nilisikia alivyokuuliza, na nilisikia ulivyomjibu. Nilikaa kimya nikajua utasema mwenyewe."

Nikamwambia nitasema. Nikamwambia ngoja hasira zipoe kwanza. Eti hasira zipoe! Za nani? Mwenye haki ya kukasirika alikuwa anatembea kwa miguu kuelekea Mlali.

Gari vijana walilivuta kwa kamba, likashushwa Morogoro juu ya lori la nyanya. Fundi mwingine akalala chini yake, akatoka na kiganja kimejaa kutu, akaniuliza kama nililinunua bila mtu wa kunishauri. Nikajibu ndiyo. Mnaona? Uongo ukishazoea njia hauulizi tena. Nikaliuza kwa vipande, na siku hizi naenda Mgeta kwa bodaboda, vumbi likiniingia hadi kwenye meno ya dhahabu ambayo sina.

Nilifikiri utani utarudi wenyewe. Baada ya kama miezi miwili nikapita gereji, nikamwanza mimi.

"Wewe mpagazi, mgongo haujapona tu?"

Akasimama. Akafuta mikono. Akavuta kiti, akakipangusa kwa kitambaa safi. "Karibu mwalimu. Namshukuru Mungu. Habari za kazi? Wanafunzi hawajambo?"

Nikamtukana tena. Akatabasamu kwa adabu kama mtu aliyetembelewa na mkaguzi. Nilikaa kwenye kile kiti kisafi nikatamani anirushie spana.

Mama alisubiri niseme. Kila nilipopanda kumwona aliniuliza, "Hasira zimepoa?" Nami nilijibu bado kidogo, mama. Mwaka uliofuata akaanguka shambani kwake, na hakuamka. Amekufa akinisubiri. Hilo siwezi kuliandika kwa mzaha, nimejaribu.

Maganga alikuwa wa kwanza kufika. Kabla ya ndugu wa Turiani, kabla ya ndugu wa Dumila. Alivua shati kwenye ile baridi akachimba karibu peke yake, na kaburi lilinyooka kingo zote. Watu tulisimama tunasubiri. Kila mtu alijua kinachofuata. Mashangazi walikwishajiandaa na jogoo wa kumtoa kaburini.

Akapanda juu. Akapangusa jembe, akaliegemeza, akasimama pembeni na waombolezaji wengine, mikono nyuma.

"Kwani watani hawajafika?" shangazi akauliza.

Tukamzika mama yangu kwa utulivu kama tunazika ofisa wa wilaya, yeye aliyependa kucheka kuliko kula. Maganga akaja kwenye mstari, akanishika mkono. "Pole sana, mwalimu. Kazi ya Mungu haina makosa."

Pale ndipo nilipolia. Watu wakafikiri namlilia mama.

Arobaini ilipoisha nikaenda gereji. Alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. Nikaiambia ile miguu. Nilisema yote. Kwamba aliniuliza nami nikamjibu nimezima. Kwamba nililiacha linawaka. Kwamba hakuniibia ufunguo, siku ile yote ufunguo ulikuwa kwenye sidiria yangu, na nilijua.

Kisha nikasubiri. Ndugu zangu, nilikuwa nimempa mtani wangu neno sidiria! Nimempa na ufunguo ndani yake! Mtu huyu alitumia mkojo wa mama ambao haukuwepo kwa miezi mitatu. Kwa sidiria yenye ufunguo wa gari angekula mwaka mzima. Nilifumba macho nisubiri linalokuja.

Akatoka chini ya lori. Akanitazama, na macho yake hayakuwa na chuki hata kidogo, heri yangekuwa nayo.

"Asante kwa kuniambia, mwalimu," akasema, akarudi chini.

Basi ndiyo hayo. Wewe unayetaka gari lililotoka kwenye theluji, usidanganywe na vitufe. Lala chini ulitazame tumbo, na kama huwezi kulala chini, muamini aliyelala kwa niaba yako, hata kama ndiye yule anayekuita kibwengo. Uliza barabara ya kwenu inataka nini. Ya kwetu ilitaka pikapu, na mimi nilitaka kutazamwa. Na ukishuka kwenye gari la kimya, hakikisha limezimwa, maana kimya si uthibitisho.

Lakini hayo yote ni vyuma, na vyuma vipo vingine. Mtani hayupo yadini. Anayekutukana kwa mapenzi usimpeleke mbele ya daftari. Alipokuwa mkweli nilidhani anatania, na alipotania niliacha aandikwe mkweli. Ukweli wangu nao niliuficha kifuani mpaka ukachelewa kwa watu wawili, mmoja yuko kaburini na mmoja yuko Msamvu.

Fundi, kama utaliona gazeti hili kabla hujalifutia mafuta machafu, unajua nani anaandika. Sitaki unisamehe, umeshanisamehe, ndiyo shida yenyewe. Nataka unitukane. Kila nikipita mbele ya gereji yako napunguza mwendo, nisije nikapitwa na tusi.